Matanga ya Aliye Hai

Asubuhi ya matanga yake, Bibi Mashavu aliamka na njaa.

Sikudhani, mjukuu wake, alimlisha uji wa ulezi kijiko baada ya kijiko, akimfuta kidevu kwa pindo la kanga. Kutoka sebuleni zilimfikia sauti za viti vikiburutwa na mikeka ikikung'utwa. Walikuwa wakitayarisha mahali pa kumlilia mwanamke huyu huyu aliyekuwa akifungua kinywa kuomba kijiko kingine. Hakuwa na homa wala kidonda. Mapigo ya moyo wake yalikuwa mazuri kuliko ya wanawe. Ila hakumjua mtu hata mmoja duniani, na katika hao asiowajua, wa kwanza alikuwa yeye mwenyewe.

Mji wao ulikaa ubavuni mwa mlima. Wenyeji waliuita "hapa", basi, maana hakuna aliyekwenda mbali akahitaji kuutaja kwa jina. Kila siku saa nne ukungu uliteremka, na ukishateremka watu walipoteza uhakika kidogo: leo ni leo, au ni siku iliyokwisha kupita imerudi kuchukua kitu ilichosahau? Mwanamke alitoka kwenda kuanua nguo akakuta bado hajazifua. Mwanamume alimwamkia jirani, wakaulizana hali, kisha akakumbuka kwamba alishamzika. Hakuna aliyeshangaa. Walisubiri ukungu upande, wakaendelea na shughuli zao.

Matanga hayo yalikuwa uamuzi wa Hemedi, mtoto wa kwanza wa Bibi, ambaye Sikudhani alimwita Baba Mkubwa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa jambo libaki nusu. "Mama amekwenda siku nyingi," aliwaambia ndugu zake mwezi uliopita. "Aliyebaki ni mwili unaokula uji. Miaka mitatu sasa tunafiwa kila kukicha, na kila kukicha hatuziki. Mimi nimechoka kufiwa." Aliyasema hayo huku machozi yanamtoka, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwita katili. Dada yake Mwanjaa na mdogo wao Kibwana wakakubali. Wangemlilia mama yao mara moja, wamlilie kweli, wayamalize. Saa sita mchana gari lingekuja kuchukua hicho kilichobaki na kukipeleka Nyumba ya Waliosahau, ng'ambo ya mlima, ambako watu wa namna ile walitunzwa. Mwalimu wa kusoma dua aliitwa, akakataa.

"Mimi humsomea aliyelala chini ya udongo," alisema. "Huyu jana nimemwona anaota jua."

"Basi tutasoma wenyewe," Hemedi alimjibu.

Sikudhani hakuulizwa. Baba yake, mtoto mwingine wa Bibi, alikufa yeye akiwa bado tumboni. Bibi ndiye aliyemlea, kisha zamu ikageuka, Bibi akalelewa naye. Siku ile alipewa agizo moja tu: akae na Bibi chumba cha nyuma, mlango ufungwe, mpaka gari lije.

Akakaa naye. Akazichana nywele zake chache, nyeupe, zinazokatika zikiguswa, na akiwa anazichana akaanza kuwaza, na mawazo yake yakaenda yalikotaka. Maisha ya mtu huwekwa wapi? Kama huwekwa kichwani mwa mwenyewe, basi ya Bibi yamekwisha na Baba Mkubwa ana haki. Kama huwekwa vichwani mwa wengine, basi mtu huishi kama mpangaji, na siku wenye vichwa wakichoka humtolea vitu vyake nje. Au yamo mikononi. Mikono ya Bibi bado inajua kufunga kanga, kuchagua mawe kwenye mchele, kupapasa paji la uso la mgonjwa. Mikono haijaambiwa. Nani ataiambia? Na miaka themanini ni mali ya nani, ikiwa mwenye nayo ameitua njiani akaenda zake? Sikudhani alijiuliza hivyo, chanuo mkononi, na hakupata pa kushika. Alijua tu kwamba shingo aliyokuwa akiiegemeza kwenye goti lake ilikuwa ya moto.

Ukungu ulipoteremka, vilio vikaanza.

Alianza Shangazi Mwanjaa, sauti nyembamba iliyopanda ikavunjika. Wakafuata wanawake wa jirani, kisha wanaume wakakohoa kikohozi chao cha msiba. Bibi Mashavu aliinua kichwa.

"Kuna msiba," alisema. "Wewe dada, jirani amefiwa na sisi tumekaa tunachanana nywele? Watu watatuonaje?"

"Bibi, tungoje kidogo."

"Tungoje nini? Niletee kanga yangu ya kutokea."

Sikudhani angeweza kuuzuia mlango. Alikuwa na nguvu, na Bibi alikuwa mwepesi kiasi cha kubebwa kama furushi la nguo. Hakuuzuia. Alimfunga kanga, akamtia ubani kidogo nyuma ya masikio, akamshika mkono, kwa sababu tumaini moja lilikuwa limemwingia. Wakimwona, alijiambia, watashindwa. Hakuna anayeweza kumlilia mtu huku anamtazama usoni. Wataona aibu, gari litarudishwa, kesho nitapika uji.

Wakaingia.

Sebuleni vilio vilikatika kama vimekatwa kwa kisu. Hemedi alinyanyuka nusu akabaki hivyo, hajasimama wala hajakaa. Juu ya kiti kilichofunikwa kitambaa cheupe iliwekwa picha ya Bibi ya ujanani, imekuzwa hadi macho yamekuwa vivuli viwili. Bibi alipita mbele yake, akaitazama, akatikisa kichwa.

"Ndiye huyu? Maskini, alikuwa bado kijana."

Akaketi mkekani katikati ya wanawake, akakunja miguu, akajifunika kanga kichwani, akalia. Alilia vizuri kuliko wote. Alilia kama mtu aliyeombolezea wengi na anayejua kwamba kilio nacho kina adabu yake, pa kuanzia na pa kupumzikia. Wanawake wa jirani, ambao mpaka hapo walikuwa wakilia kwa kutazamana, sasa walianza kulia kweli.

Alipopumzika alimgeukia aliyekuwa karibu yake, Mwanjaa.

"Pole, mwanangu. Marehemu ni nani wako?"

Mwanjaa alimtazama kaka yake. Kaka yake alitazama chini.

"Mama yangu," Mwanjaa alisema.

"Mama! Lo, pole sana. Alikuwa mtu wa namna gani? Nieleze, mimi sikujaaliwa kumjua."

Ilikuwa hapo, Sikudhani alikuja kufikiri baadaye, ambapo jambo lote lingeweza kugeuka. Mtu mmoja angesema, "Ni wewe, mama." Maneno matatu tu. Lakini ukungu ulikuwa umeingia dirishani, kila mmoja alikuwa na jambo lililomkaa kooni muda mrefu, na mbele yao alikuwa ameketi msikilizaji asiye na upande wowote. Hawakuweza kujizuia.

"Alikuwa mgumu," Mwanjaa alianza. "Nilikuwa na akili darasani kuliko hawa kaka zangu wote. Siku moja akaniambia, kesho usiende, baki ushike nyumba. Sikwenda kesho yake. Sikwenda tena maisha yangu yote. Kila nikipika nasikia ile kengele ya shule. Hakuwahi kuniambia kwa nini. Na alikuwa na njia yake ya kuniita, kama anaita ndoo."

Alipokuwa akisema hayo uso wake ulilegea, mikunjo ikatoka mmoja mmoja, na Sikudhani aliona kwa macho yake kwamba shangazi yake alikuwa ameketi pale na miaka kumi na mbili, magoti yamejaa vumbi, daftari kifuani. Bibi alimpapasa kichwa.

"Hakufanya vizuri, mama yako."

"Si kweli!" Hemedi alisema. Alikuwa amekaa tena kitini, na miguu yake haikufika sakafuni. "Alikuwa shujaa. Siku baba alipoondoka na kutuacha, alipika kama kawaida. Hakudondosha chozi. Alikaa pale mlangoni na panga mapajani, kwa sababu watu walisema watakuja kuichukua nyumba. Siku saba. Na mimi nilikaa nyuma yake. Sikuwahi kuona mgongo mpana kama ule."

"Mnamsema nani ninyi?" aliuliza Kibwana, mdogo wao, akicheka na kulia kwa pamoja, na meno yake ya mbele hayakuwapo. "Mama yangu mimi alikuwa akiimba. Alinibeba mgongoni shambani na kuimba nyimbo za ajabu, kuhusu kobe anayekwenda harusini, mpaka nikajikojolea kwa kicheko."

"Mama hakuwahi kuimba," alisema Mwanjaa.

"Aliimba."

"Hakuimba hata siku moja!"

Wakabishana. Walibishana kama watoto, na kwa dakika chache walikuwa watoto, watatu, wamemzunguka mwanamke mmoja mkekani na kila mmoja akimvuta kanga upande wake. Sikudhani aliwatazama na kuona kwamba hawakuwa wakimzungumzia mtu mmoja. Kulikuwa na wanawake watatu wa kuzikwa siku ile, na hakuna hata mmoja wao aliyefanana na huyu aliyekuwa ameketi akisikiliza kwa heshima, kichwa ameinamisha upande.

Bibi aliwaacha mpaka walipochoka. Kisha akauliza, kwa upole wa mgeni asiyetaka kusumbua:

"Na yeye mwenyewe alikuwa anataka nini?"

Wale watatu wakatazamana.

"Nawauliza kwa sababu mmesema aliwafanyia hiki, akawanyima kile. Yeye alikuwa anataka nini? Alikuwa akitamani nini, akikaa peke yake?"

Mwanjaa alitazama mikono yake. Kibwana aligeuka kwenye ile picha, kana kwamba picha ingemnong'oneza. Na Sikudhani, aliyekuwa amesimama mlangoni na hasira yake ya miaka mitatu, alijiambia: mimi najua. Mimi ndiye ninayejua, hawa hawakuwapo. Akavuta pumzi aseme. Kisha akatafuta ndani yake jibu alilolihifadhi, akakuta kwamba Bibi hulalia ubavu wa kushoto. Kwamba hutafunia upande wa kulia. Kwamba hapendi uji wenye sukari nyingi, na kwamba ngurumo za mvua humtisha. Akachimba zaidi. Hakukuwa na kitu. Kabla ya ugonjwa alikaa naye miaka ishirini, akapikiwa, akafuliwa, akafunikwa usiku wa baridi, na katika miaka hiyo ishirini hakuwahi hata mara moja kumuuliza swali lisilomhusu yeye Sikudhani. Ile hasira yake ikakosa pa kusimama. Alikuwa mmoja wao. Bibi aliyemjua yeye alikuwa mwanamke wa nne tu wa kuongeza kwenye jeneza.

"Basi," alisema Bibi Mashavu, bila kumlaumu mtu, "mmekusanyika kumlilia nani?"

Ukungu ulikuwa mzito hata watu walionekana vichwa tu. Bibi akajifuta pua, kisha akasema, kama mtu anayetaka kuwaliwaza wafiwa kwa hadithi:

"Kulikuwa na msichana mmoja. Alikuwa akiteka maji mtoni kila siku, na kila siku anajiuliza, haya maji yanatoka wapi? Siku moja akatua ndoo, akaufuata mto kwenda juu. Akapanda, akapanda. Akafika mahali akasikia maji yanatoka chini ya jiwe. Hajayaona bado, anayasikia tu. Wakamwita."

"Nani walimwita?" aliuliza Sikudhani. Ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

"Waliokuja kumposa. Akashuka."

"Kisha?"

"Kisha nini? Akashuka."

Mwanjaa alijiziba mdomo kwa kanga. "Ni yeye," alisema.

"Ni yeye nani?" Bibi alimuuliza.

Sikudhani alimpigia magoti Hemedi pale pale mbele ya watu. "Baba Mkubwa, nipe saa mbili. Nimpeleke juu akaone. Nikirudi nitampakia garini kwa mikono yangu, sitasema neno." Hemedi, ambaye miguu yake ilikuwa imerudi sakafuni na uso wake umerudiwa na uzee, aliitikia kwa kichwa. "Nenda," alisema. "Gari litasubiri. Nenda, mwanangu, akaone." Wote walitoka mpaka uani kuwasindikiza. Walikuwa na haja na safari ile kuliko Bibi mwenyewe.

Wakapanda. Njia ilikuwa ya utelezi, kando ya mto uliozidi kuwa mwembamba. Mwanzoni Bibi alimkokota mjukuu. Alinusa hewa, akainama akachuma jani, akasema, "Hapa kuna majani ya kutibu kikohozi." Sikudhani alimwuliza maswali yote aliyoweza kuyafikiria. Bibi, ulipenda rangi gani? Bibi, yule babu ulimpenda? Bibi, ulimwachisha shangazi shule kwa nini? Aliyauliza haraka haraka, akihema, kama mtu anayeokoa vyombo nyumba inaungua. Bibi alimjibu maswali yote kwa jibu moja: "Dada, wewe unaongea sana." Nusu ya njia nguvu zilimwishia, Sikudhani akambeba mgongoni.

Walipofika, hakukuwa na jiwe.

Kulikuwa na tangi la saruji, kubwa kama chumba, limeota ukungu wa kijani, na mfuniko wa chuma wenye kufuli. Bomba moja nene lilitoka chini yake na kuteremka mjini. Mahali maji yalipozaliwa palifungwa zamani, labda kabla Sikudhani hajazaliwa, na aliyekuwa na ufunguo hakuna aliyemjua. Maji yalisikika ndani. Yalisikika tu. Sikudhani alimtua Bibi, akalishika lile kufuli akalivuta kwa mikono miwili, akalipiga kwa jiwe mara nyingi mpaka vidole vikamtoka damu, na kufuli halikutikisika.

"Hii nyumba ya nani?" Bibi aliuliza.

"Ndipo hapa, Bibi. Ndipo maji yanapotoka."

"Maji yapi?"

Sikudhani aliuchukua mkono wa Bibi, akaubandika kwenye saruji, akaukandamiza pale kwa mkono wake wenye damu. "Sikiliza. Yako ndani. Umefika, Bibi. Safari hii umefika."

Bibi Mashavu alisimama hivyo muda mfupi, mtiifu, kama mtoto anayepimwa homa. "Baridi," alisema, akauondoa mkono, akaupangusa kwenye kanga. "Nimechoka. Nipeleke kwa mama."

Na kutoka chini, ndani ya ukungu, ikaja honi ya gari. Ililia mara mbili.

Bibi aligutuka. Mgongo wake ukanyooka. Akavuta kanga kichwani, akajipangusa uso, na katika macho yake kukaingia kitu ambacho Sikudhani hakukiona kwa miaka mitatu, kitu kama kukumbuka. "Naitwa," alisema. Akageuka, akaanza kuteremka, peke yake, upesi, bila kuteleza hata mara moja, kwa miguu iliyojua njia. Sikudhani alimkimbilia nyuma akimwita, na kila alivyomwita Bibi aliongeza mwendo. Walifika kwenye gari pamoja. Bibi alimwamkia dereva, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, "Shikamoo," akapanda, akakaa, akaweka mikono mapajani. Hakumtazama mtu. Mlango ukafungwa.

Sikudhani alipoingia sebuleni ukungu ulikuwa unapanda. Watu wa jirani walikwisha kuondoka. Wale ndugu watatu walikuwa mkekani, wazee, wamekaa karibu karibu, na chakula hakijaguswa.

"Aliona?" Hemedi aliuliza.

Sikudhani aliwatazama mmoja mmoja. Vidole vyake vilikuwa vinavuja damu, akavificha ndani ya kanga.

"Aliona," alisema. "Yanatoka chini ya jiwe jeupe, meupe kabisa. Aliyanywa kwa viganja. Akacheka. Akasema, sasa basi, nimefika."

"Alicheka?" Mwanjaa alinong'ona.

"Sana, Shangazi."

Wakalia, safari hii kwa raha, wamekumbatiana, na baada ya kulia wakanawa mikono wakala. Hakuna aliyebishana. Huyo ndiye aliyebaki, mwanamke wa jiwe jeupe. Watoto wa ukoo walisimuliwa habari zake, na watoto wa watoto, na msichana mmoja aliyezaliwa mwaka uliofuata akapewa jina lake. Picha ilitundikwa ukutani, na chini yake Hemedi akaandika tarehe ya siku ile kuwa ndiyo aliyofariki.

Bibi Mashavu aliishi miaka sita mingine.

Sikudhani alikwenda kumwona mara moja. Alitembea kutwa nzima kuuzunguka mlima, akaifikia Nyumba ya Waliosahau jua likiwa bado lipo, akaona ukuta mrefu na madirisha mengi, na watu wameketishwa kwenye kila dirisha wakitazama nje. Hakuweza kujua yupi ni yupi. Mlinzi wa lango alimkaribisha vizuri, akafungua daftari, akashika kalamu.

"Umekuja kumwona nani?"

Sikudhani alisimama. Akaifikiria ile picha ukutani na tarehe chini yake. Akamfikiria yule mtoto mwenye jina la Bibi. Mlinzi akamngoja, kalamu ikangoja.

"Hakuna," alisema. "Nimepotea njia."

Mlinzi alifunga daftari, akatoka langoni, akamwonyesha kwa kidole pa kupita.